Kazi ya Magoti

Kupiga magoti hakukuwa taabu. Taabu ilikuwa kuinuka. Mama Povu alikuwa amemaliza kusugua zulia la sebuleni, zulia la rangi ya maziwa ambalo mwenye nyumba alipenda kusema kwamba lilimgharimu kuliko gari la shemeji yake, na sasa alibaki palepale chini, brashi mkononi, akitafuta pa kujishikiza. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akiinuka kwa utaratibu wake mwenyewe: ngumi sakafuni, goti la kulia kwanza, akifika nusu anavuta pumzi, na nusu iliyobaki anaimaliza kwa hasira. Siku hiyo hasira haikutosha. Akanyoosha mkono akashika kochi.

“Si kwenye kochi, mama,” mwenye nyumba akasema kutoka mlangoni, kwa upole kabisa, kama anayemkumbusha mtoto kuvua viatu. “Mikono ina maji.”

Mama Povu aliondoa mkono, akaomba radhi, akatambaa hadi ukutani na kujiinua kwa kuuegemea. Mwenye nyumba akauangalia ukuta kuona kama umechafuka. Haukuchafuka. Ndipo akaenda kutafuta pochi.

Kwenye zahanati daktari alilibonyeza goti, akalikunja, akalisikiliza likilia. “Gegedu la katikati ya mifupa limelika,” akasema. “Nitakupa dawa ya maumivu. Lakini ukiendelea na kazi ya kupiga magoti, mwakani utaingia hapa na mkongojo.”

“Na nisipoendelea, daktari, nitakula nini?”

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Aliandika dawa, akatazama karatasi yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akamwita mgonjwa aliyefuata.

Jina la Mama Povu alipewa na wateja, naye alilipenda. Wafuaji wa mazulia walikuwa wengi, lakini povu lake lilisimama. Alichanganya sabuni ya unga, sabuni ya vyombo na siki kidogo, kwa vipimo ambavyo hakumwambia mtu, na akianza kusugua, povu linapanda hadi viwikoni, jeupe, zito, na mwenye zulia anayetazama anaamini kwa macho yake kwamba uchafu unatoka. Zulia linaweza kuwa safi bila povu, hilo alilijua. Ila mteja halijui, na anayelipa ni mteja.

Wiki hiyohiyo karani mkuu wa ofisi moja ya mawakili alimwita. Vyumba vitatu na ukumbi, zulia limegandishwa sakafuni ukuta hadi ukuta, haling'oki wala halianikwi. Kampuni iliyokuwa ikilisafisha ilikuwa imepandisha bei, na karani alikuwa amepewa kazi ya kutafuta mtu wa bei ndogo.

“Una mashine?” karani akauliza. “Hili ukilimwagia maji kwa ndoo, litaoza. Linataka mashine ya kufyonza.”

“Ninayo,” akasema Mama Povu.

Hakuwa nayo. Ila aliyasikia magoti yake yakijibu kabla yake.

“Basi Jumamosi baada ya hii ijayo. Ukifanya vizuri, kila mwisho wa mwezi ni yako. Kwa maandishi.”

Akarudi nyumbani akichechemea, lakini moyoni alikuwa tayari anatembea wima, amesimama, mashine mbele yake, akiisukuma huku na huko kama wale wanawake wa kwenye matangazo ambao hata jasho haliwatoki. Hakutaka utajiri. Alitaka kufanya kazi amesimama.

*

Mumewe aliitwa Injinia. Kwa miaka kumi na tisa alisimamia mtambo wa kufyatua ndoo na mabeseni ya plastiki. Kazi yenyewe ilikuwa kubonyeza kitufe cha kijani kazi ianze, na kubonyeza chekundu kitu kikikwama, lakini aliifanya kwa heshima zote, na mtaani hakuna aliyejua vitufe vilikuwa viwili tu. Miezi minane iliyopita kiwanda kilileta mtambo unaojibonyeza wenyewe, na unga wa Injinia ukamwagika. Walimpa kiinua mgongo. Fedha ile ilikuwa bado benki, ikingoja biashara ya maana, na biashara ya maana haikuwa imejitokeza. Kila asubuhi Injinia alinyoa ndevu, akavaa shati la kazini, akaenda kibarazani kucheza drafti na Kinyozi, jirani yao.

“Mashine mpya ya mazulia hatuiwezi,” Mama Povu alimwambia wakila. “Lakini zilizotumika zipo. Nyuma ya stendi kuna duka la vitu vya umeme vya mitumba, wanazo. Nimeulizia. Nusu ya kiinua mgongo chako inatosha.”

Injinia alitafuna. “Zilizotumika zina mambo mengi.”

“Ndiyo maana nakuambia wewe.”

Alimwona mumewe akikaa sawa kwenye kiti. Miezi minane hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza kitu chochote, isipokuwa kama yupo nyumbani apokee mzigo.

“Hizo zina mota mbili,” akasema. “Moja ya pampu, moja ya kufyonza. Ya kufyonza ndiyo ya kuangalia.”

“Basi twende wote, kesho.”

“Wewe uende kufanya nini, mama watoto? Wakimwona mwanamke, bei inapanda papo hapo. Halafu mashine haichaguliwi kama kitambaa, hii ya rangi nzuri, hii ya maua. Mashine inasikilizwa.” Akaweka mkono sikioni kuonyesha. “Niachie mimi.”

Mama Povu alitaka kwenda. Ni yeye ambaye angeisukuma, ni yeye aliyejua zulia linakunywa maji kiasi gani. Lakini fedha ilikuwa ya mumewe, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu kiwandani, na Mama Povu hakuwa na moyo wa kuuzima. Akakubali. Baadaye, kila alipolirudia jambo lile kichwani, alifika hapo akasimama: hapo ndipo alipopaswa kusema hapana.

*

Mashine ililetwa kwa mkokoteni, Injinia akitembea kando yake, mkono juu ya tangi kama anayemsindikiza mgonjwa. Ilikuwa na rangi ya chungwa iliyopauka, matangi mawili, la maji safi na la maji machafu, mpira mrefu wenye kiraka, na kichwa cha chuma kipana kama kiganja. Plagi ilikuwa imekatwa. Ubavuni palikuwa na karatasi ya maelezo kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua pale mtaani, nusu yake imebanduka.

“Imetembea nchi za watu hii,” Injinia akawaambia waliojikusanya. “Bei aliyoanzia sitaki hata kuitaja. Nimemshusha mpaka akataka kulia.”

“Kitabu chake cha maelezo hakipo?” Mama Povu aliuliza.

“Kitabu cha nini, nami nipo?”

“Na sabuni? Inatumia sabuni gani?”

Injinia alikuwa ameinama akifunga plagi mpya, bisibisi mdomoni. Alikawia kidogo kujibu. “Sabuni ni sabuni,” akasema. “We si ndiye mwenyewe wa sabuni?”

Waliijaribu kwenye kipande cha zulia cha chumbani kwao, ambacho mteja mmoja alikuwa amekitupa. Waliweka maji matupu, kwani sabuni ilikuwa ya kazi ya Jumamosi. Injinia aliwasha. Mashine ilinguruma hadi vikombe vikatetemeka kabatini. Mama Povu akashika mpini, akasukuma, akavuta, na kwenye tangi la pili akaona maji yakiingia, ya kahawia, mazito, machafu kuliko alivyowahi kuyakamua kwa mkono. Na yeye amesimama. Mgongo umenyooka, magoti yamelegea tu, hayaulizwi kitu. Alikipitia kipande kile mara sita, saba, hakikuwa hata na urefu wa kitanda, na hakutaka kuacha. Alicheka peke yake. Injinia naye akacheka, na kwa muda ule mfupi walikuwa watu wenye bahati.

Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake cha kazi begani. “Shemeji,” akasema, “nzuri, nzuri sana. Ila sasa povu liko wapi? Tutakuita Mama nani?”

Watu walicheka, naye akacheka nao. Lakini neno lile lilimkaa.

*

Jumamosi karani aliwafungulia mlango, akawaonyesha choo cha kuchotea maji, akavuta kiti akaketi katikati ya ukumbi na kikombe chake cha chai. Alikuwa na funguo nyingi kiunoni na alizichezea muda wote. Injinia alivaa ovaroli la kiwandani, nembo bado ipo kifuani. Kazi yake ilikuwa kuchomeka plagi, kushika mpira usijikunje, na kutoa maelezo.

“Hii ina mota mbili,” alimwambia karani.

“Aha,” karani akasema.

Chumba cha kwanza kilikwenda vizuri. Mama Povu alikuwa ametia sabuni kidogo tu, akiisoma mashine kwanza, na zulia lilikuwa likibadilika nyuma yake, mstari kwa mstari, kutoka rangi ya vumbi kuwa bluu ambayo hata karani hakuikumbuka. Alifanya kazi kwa raha. Kila alipogeuka mwisho wa chumba alihesabu miezi: mwisho wa mwezi huu, mwisho wa ujao, na ujao, bila goti kugusa chini.

Karani alikuja kuchungulia. “Mbona sioni povu?”

“Mashine inafyonza palepale, bosi. Ndiyo kazi yake.”

“Mimi niliambiwa unaitwa Mama Povu.” Alisugua zulia kwa ncha ya kiatu. “Wakubwa Jumatatu wataniuliza. Kampuni ile walikuwa wanaacha harufu, mtu akiingia anajua kumesafishwa. Hili naona limeloweshwa tu.”

Hapo damu ilimpanda kichwani. Miaka kumi na minne hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba amelowesha tu. Alifungua tangi, akachukua kopo la mchanganyiko wake, akamimina nusu nzima.

Injinia akakohoa. “Unatia nyingi?”

“Kwani vipi?”

Aliangaliana na mumewe. Injinia alifungua mdomo, akamtazama karani, akamtazama karani tena, akaufunga. “Hapana,” akasema. “Tia tu.”

Chumba cha pili povu lilisimama. Lilitangulia mbele ya kichwa cha mashine kama maziwa yanayochemka, na karani akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba sasa anaona. Chumba cha tatu sauti ya mashine ikabadilika. Ngurumo ikawa filimbi, filimbi ikapanda, na povu likaanza kutoka mahali ambapo halikupaswa kutoka, kwenye matundu ya nyuma, karibu na waya. Kukaja harufu ya mpira unaoungua. Kisha kimya, na katika kimya kile tangi la maji machafu likarudisha yote liliyokuwa limemeza, taratibu, juu ya zulia.

“Zima!” karani akapiga kelele, ingawa ilikwisha kujizima.

Injinia alikuwa ameshapiga goti moja, bisibisi mkononi, akifungua skrubu ambazo hazikuhitaji kufunguliwa. Mama Povu hakungoja. Alitoa matambara yote kwenye mfuko, akapiga magoti yote mawili, akaanza kukausha kwa mikono, anakandamiza, anakamua kwenye ndoo, anakandamiza. Alitumia kanga yake. Alitumia shati la akiba la mumewe. Zulia lile lilikuwa limekunywa maji ya vyumba vitatu na halikutaka kuyatoa.

“Nini kimetokea?” karani alikuwa amesimama juu yao. “Si mlisema mna mashine?”

Injinia aliinua uso. Jasho lilikuwa likimtiririka. “Mashine haina kosa,” akasema. “Ni sabuni. Mke wangu hajui mambo ya mitambo, amezidisha.”

Mama Povu aliyasikia akiwa chini, mikono ndani ya maji machafu. Alidhani ni kweli, na ukweli ndio uliomuuma. Alijikaza kisabuni akaendelea kukamua hadi jua likaondoka madirishani, na kuinuka kwake siku hiyo kulichukua muda mrefu kiasi kwamba karani alitoka nje ili asitazame.

Jumatatu zulia lilinuka. Jumanne kampuni ile ya zamani ilirudi, kwa bei ya juu zaidi. Karani hakupiga simu kugomba. Alituma ujumbe wa maneno mawili: Msirudi tena.

*

“Tunairudisha dukani,” Mama Povu alisema. “Ametuuzia mashine mbovu.”

“Haitasaidia,” Injinia akasema. “Vitu vya mitumba havirudishwi.”

“Basi nitamwambia tu aone aibu.”

“Mama watoto, achana nayo. Yameshapita.”

Alishangaa jinsi mumewe alivyokuwa mpole ghafla. Akakodi mkokoteni mwenyewe. Injinia alifuata nyuma shingo upande, hatua kumi hivi, na kila walipokaribia stendi hatua zikaongezeka.

Duka lilikuwa uwanja wenye bati juu, majokofu yamepangwa kama meno, mafeni, pasi, redio zisizo na vifuniko. Mama Povu alikuwa amejiandaa kukutana na mwanamume mnene mwenye maneno mengi, yule aliyeshushwa bei hadi akataka kulia. Aliyekuja ni msichana, umri wa binti yao mkubwa, kitambaa kichwani, bisibisi tatu zimechomekwa kwenye kitambaa hichohicho, mikono myeusi kwa grisi.

“Karibu mama. Habari ya kutwa?”

“Habari yangu hii hapa.” Alipiga tangi la chungwa kwa kiganja. Alikuwa amelivalia njuga jambo hili tangu nyumbani, maneno yote ameyapanga, na aliyatoa yote. Kwamba huo ni wizi. Kwamba kuna watu wanauziwa takataka kwa sababu ni maskini. Kwamba yeye amepoteza kazi ya kila mwezi, ya maandishi, kwa ajili ya mashine iliyofanya kazi vyumba viwili na nusu. Wateja waliokuwa wakipatana bei za majokofu waligeuka. Walifika saba, wanane. Mtu mmoja akasema, “Ndivyo walivyo hawa,” naye akapata nguvu zaidi.

Msichana alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachuchumaa, akafungua kifuniko cha nyuma kwa muda mfupi kuliko Injinia alivyochukua kutafuta skrubu ya kwanza, akaingiza kidole ndani, akakitoa. Kidole kilikuwa na unga mweupe.

“Hii ni sabuni ya povu, mama,” akasema. “Povu limeingia kwenye mota ya kufyonza. Hizi mashine haziwezi povu hata kidogo.” Akainuka, akatazama nyuma ya Mama Povu. “Baba, kwani hukumwambia?”

Injinia alikuwa amesimama karibu na mafeni, ndani ya ovaroli lake la kiwandani. Masikio yake tu ndiyo yaliyokuwa yakionekana kubadilika rangi.

“Nilimwambia mara mbili,” msichana aliendelea, bila ukali, kama mtu anayetaka tu mambo yaeleweke. “Mara ya pili nikamwomba arudie nilichosema. Akaniambia alikuwa anaendesha mitambo kabla mimi sijazaliwa. Nikampa na chupa ya sabuni yake, bure, si ya kuuza. Akaiacha hapo.” Alinyoosha mkono chini ya kaunta, akatoa chupa ndogo yenye kitu cha kijani, akaiweka juu. Ilikuwa imeshika vumbi la siku chache. “Akasema mke wake ndiye mwenye povu mji mzima. Hafundishwi sabuni na mtu.”

Siku nyingine yoyote maneno hayo yangekuwa matamu.

Mama Povu aliitazama chupa. Akakumbuka kikohozi cha ofisini. Unatia nyingi? Akakumbuka mdomo ulivyofunguka ukajifunga, na macho yalivyomwendea karani mara mbili, na akaelewa yote kwa pamoja. Mumewe alikuwa anajua. Alikuwa anajua pale ukumbini, kopo likiwa hewani. Ila kusema kungekuwa kukiri, mbele ya mwanamume mwenye funguo, kwamba alifundishwa na mtoto wa kike akakataa kufundishika. Akaona heri mashine ife.

Watu wanane walikuwa wamehamishia macho kwa Injinia. Mmoja alikuwa ameanza kutabasamu. Angemwacha tu hapo, azame. Hakuhitaji hata kusema kitu. Lakini ovaroli lile alilifua yeye kila Ijumaa kwa miaka kumi na tisa, na hakuweza kusimama kulitazama likichekwa.

“Aliniambia,” akasema. “Ni mimi niliyesahau.”

Msichana akamtazama. Alikuwa bado mdogo, lakini hakuwa mjinga. “Na chupa, mama?”

“Nilimwambia asichukue. Tuna sabuni nyumbani. Nisamehe, mwanangu. Nimekutukana bure.”

“Si kitu, mama,” msichana akasema polepole. Mota haikuwa na dawa. Aliitoa akamwonyesha, imeshikana kama iliyomiminiwa saruji. Alikubali kuchukua matangi na mpira kwa bei ya vipuri, kidogo, iliyotosha kulipa mkokoteni na kubakiza nauli. Walipokuwa wanaondoka akamwita Mama Povu, akamtia ile chupa mkononi.

*

Njia nzima alingoja. Hakutaka mengi. Hakutaka magoti wala machozi, neno moja tu lingemtosha, hata likisemwa vibaya, hata likisemwa kwa kumwangalia mbuzi wa watu. Injinia alitembea kando yake, sasa hatua zimelingana, na alipofungua mdomo alisema kwamba jua limekuwa kali siku hizi.

Siku ya pili alingoja. Siku ya tatu alikuwa dirishani akichambua matambara, na kibarazani drafti ilikuwa ikiendelea.

“Kwa hiyo ile mashine ndiyo basi,” Kinyozi alisema.

“Basi,” sauti ya Injinia. “Mashine ilikuwa nzima kabisa. Nilimwambia, usitie povu humu. Akasahau. Si amekiri mwenyewe pale dukani, mbele ya watu? Wanawake na mitambo, ndugu yangu.” Kete ikapiga ubao. “Kula hiyo.”

Mama Povu aliketi na tambara mkononi. Alijaribu kujua alichokuwa anasikia ndani yake, na haikuwa hasira, maana hasira aliijua, ilimwinua kila siku. Hii ilikuwa baridi. Uongo alioutoa kumfunika mumewe, mumewe alikuwa ameuvaa, akauona unamkaa, na sasa anatembea nao mtaani.

Simu ililia. Alikuwa mwenye zulia la rangi ya maziwa: watoto wamemwaga sharubati, aje Jumamosi. Mama Povu alisema atakuja. Kisha akachukua chupa ya kijani juu ya kabati, akatoka nayo kibarazani, akaiweka kwenye ubao wa drafti, katikati ya kete.

“Shemeji, pole na mashine,” Kinyozi akasema. “Injinia ananieleza ilikuponyoka kichwani.”

“Yananiponyoka mengi siku hizi.”

“Na hii chupa ya nini?”

“Muulize Injinia. Yeye ndiye mtu wa mitambo.”

Injinia aliitazama chupa. Kete aliyokuwa ameishika haikushuka.

“Baba watoto,” akasema Mama Povu, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi. “Jumamosi kuna zulia. Magoti yangu hayapigiki tena. Utafua wewe.”

“Mimi?”

Mama Povu aliweka kidole kimoja juu ya kifuniko cha chupa, akamtazama Kinyozi, akatabasamu kama mwenye hadithi.

“Sawa,” Injinia akasema haraka. “Sawa. Jumamosi.”

*

Mwenye nyumba aliwafungulia mlango, akamwangalia mwanamume mwenye ndoo kutoka kichwani hadi miguuni. Ovaroli alikuwa ameliacha nyumbani.

“Mama Povu, kumbe siku hizi umeajiri kibarua?”

Injinia alimgeukia mkewe. Alingoja. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kufunikwa.

“Ndiyo,” akasema Mama Povu. “Ila bado anajifunza.”

Alimchanganyia sabuni, akampa brashi, akamwonyesha doa. Injinia akashuka. Alisugua kwa nguvu mahali pasipotaka nguvu, akamwaga maji mengi, akalowa hadi tumboni, na povu lilipopanda likamwingia puani. Mama Povu alisimama nyuma yake, wima, mikono mikavu, akielekeza: kushoto, usikwangue, rudia hapo. Hivyo ndivyo alivyotamani kufanya kazi, amesimama, na sasa amesimama, na hakukuwa na utamu wowote. Aliziona nyayo za mumewe zilizopasuka kisigino, suruali iliyolowa, utosi ulioanza kupata upara, vitu ambavyo mtu havioni kwa mwenzake mpaka awe juu yake. Hakumwonea huruma. Alijaribu, haikuja.

Ilipokwisha Injinia alibaki chini. Alijaribu kuinuka mara moja, akashindwa, akashangaa, akanyoosha mkono kwenye kochi.

“Si kwenye kochi,” mwenye nyumba akasema kutoka mlangoni. “Mikono ina maji.”

Mkono ukabaki hewani. Injinia alimtazama mkewe kwa macho mekundu ya sabuni.

“Ngumi sakafuni,” mkewe akamwambia. “Goti la kulia kwanza. Ukifika nusu, vuta pumzi.”

Naye, kwa mara ya kwanza, akasikiliza maelezo hadi mwisho.